Mahakama yetu ya wilaya inataka mitambo mipya: tuanze wapi?

Swali: "Mimi ni hakimu mfawidhi wa Mahakama ya Wilaya hapa Tanzania yenye mahakimu wanne, makarani sita na Mahakama za Mwanzo tano chini yake. Tumetakiwa kupeleka mapendekezo ya mahitaji yetu ya TEHAMA kwa miaka mitatu ijayo. Mfumo wa kielektroniki wa usimamizi wa mashauri tunao, lakini makarani bado wanaandika kila kitu kwenye rejesta pia, na wanalalamika kuwa kazi imekuwa mara mbili. Mtandao hukatika, wakati mwingine siku nzima. Wananchi wasio na mawakili huenda kufungulia mashauri kwenye steshenari iliyo ng'ambo ya barabara, na mwezi uliopita mama mmoja wa shauri la mirathi alikosa tarehe kwa sababu ujumbe wa kumwita ulikwenda kwenye simu ya kijana wa steshenari. Wenzangu wanataka tuombe kamera na skrini za kusikilizia mashauri kwa mbali, mashine ya kunukuu ushahidi, na fedha za kuskani majalada yote ya zamani, yanayokaribia elfu sita. Karani wetu mkuu, aliyebakiza miaka minne kustaafu, anaamini kwamba haya yote yanakuja kumwondoa. Je, tuanze na nini, na ni kweli kwamba teknolojia itatupunguzia mlundikano?"

Jibu: Mheshimiwa Hakimu, umeuliza maswali matano ndani ya moja, na lililo zito kuliko yote umelitaja kwa kupita tu, nalo ni ujumbe wa yule mama wa mirathi uliokwenda kwenye simu isiyo yake. Kamera, mashine ya kunukuu na majalada elfu sita nitayafikia. Hata hivyo naomba tuanzie kwa mama huyo, kwa kuwa kosa lililompata halikutokana na upungufu wa kifaa chochote. Mfumo ulifanya kazi yake barabara: ulitunga ujumbe, ukautuma kwa namba iliyoandikwa, na bila shaka ukaweka kumbukumbu kwamba umetumwa. Kilichoharibika ni makabidhiano. Taarifa ilitoka kinywani mwa mama ikaingia kwenye kompyuta ya mtu wa tatu, na mtu huyo, pengine kwa haraka na pengine kwa sababu alihitaji namba iliyo karibu ya kuthibitishia akaunti, akajaza ya kwake. Kwa miaka yote niliyopanga mifumo ya masjala, balaa nyingi nilizoitwa kuzitazama zilizaliwa mahali pa namna hiyo, pale taarifa inapohama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, na mipango mingi ya ununuzi niliyoisoma iliandikwa kana kwamba mahali hapo hapapo.

Haki ya mama mwenyewe ina njia yake ya kisheria, nawe unaijua kuliko mimi. Ninachoweza kukushauri ni namna ya kuziba tundu lililompitisha. Karani anapopokea shauri la mtu asiye na wakili, asiridhike kuona kwamba kisanduku cha namba ya simu kimejazwa. Aisome namba hiyo kwa sauti, amuulize mhusika ni ya nani, kisha atume ujumbe wa majaribio na kusubiri simu ilie mkononi mwa mtu aliyesimama mbele yake. Zoezi hili halifiki dakika mbili. Mtu asiye na simu ataje kwa maandishi ni nani apokee taarifa kwa niaba yake, na kila mtu, awe na simu au asiwe nayo, aondoke na kipande cha karatasi chenye namba ya shauri na tarehe. Makarani nao wakumbushwe kwamba ujumbe wa simu ni ukumbusho tu, na kwamba wito halali unabaki kuwa ule unaotambuliwa na sheria, wenye uthibitisho wa kumfikia mtu.

Wapo watakaokushauri uwapige marufuku watu wa steshenari. Sikubaliani nao. Vijana hao wanafanya kazi ambayo mahakama ilipaswa kuifanya na haikuifanya, na ukiwafukuza watahamia mtaa wa pili bila wateja wao kupungua. Jambo la busara zaidi ni kuweka kompyuta moja, skana ndogo na karani mmoja mwenye subira kwenye dirisha la msaada ndani ya jengo lako, huduma iwe ya bure, na tangazo lake libandikwe mlangoni kwa Kiswahili cha kawaida. Kisha waite wenye steshenari kwa nusu siku, uwafundishe kujaza fomu na uwaeleze kwa nini namba ya simu ya mdaawa si jambo la kubahatisha. Dirisha hilo ndilo ningeliweka katika mstari wa kwanza wa mapendekezo yako, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kamera na skrini wanazozitamani wenzako.

Sasa tuje kwenye mlundikano. Dhana iliyoenea ni kwamba mashauri hukaa kwa sababu karatasi ni ya polepole, hivyo ukiiondoa karatasi mashauri yatakimbia. Katika Mahakama ya Wilaya shauri huhesabiwa kuwa la mlundikano likipita miezi 12, na katika Mahakama ya Mwanzo likipita miezi 6. Chukua jalada lolote lililovuka ukomo huo, ulifungue ukurasa kwa ukurasa, na utaona kwamba muda uliotumika kusajili, kuandika na kupiga mhuri ni siku chache tu. Miezi imeishia kwenye maahirisho: samansi haikumfikia mdaiwa, shahidi hakuja, wakili yuko Mahakama Kuu, mshtakiwa hakuletwa kutoka mahabusu, au ile sentensi ambayo kila mwananchi aliyewahi kukalia benchi la mahakama anaijua kwa moyo, kwamba upelelezi bado haujakamilika. Hakuna programu itakayokamilisha upelelezi. Programu nzuri inaweza kuonyesha ni mara ngapi sentensi hiyo imetamkwa katika shauri lile lile, na hiyo ni faida, ila ni faida kwa yule tu aliye tayari kuitazama orodha na kuuliza.

Kwa hiyo, kabla hujaandika neno moja la mapendekezo, nunua daftari la kaunta. Kwa mwezi mzima, kila shauri linapoahirishwa, karani wa chumba cha mahakama aandike namba ya shauri, lilikuja kwa ajili gani (kutajwa, kusikilizwa au hukumu), limeahirishwa kwa nini, na ni nani angeweza kulizuia hilo. Pasiwe na safu ya "sababu nyinginezo", maana nimeona madaftari ambayo nusu ya mwezi imemezwa na safu hiyo. Mwisho wa mwezi mtahesabu. Ikidhihirika kwamba maahirisho mengi yanatokana na mahabusu kutoletwa kwa kukosa gari au mafuta, basi hoja ya kamera ina mashiko makubwa, kwa sababu kanuni za mahakama za 2021 zimeruhusu mashauri kuendeshwa kwa mbali na ushahidi kurekodiwa kielektroniki. Ikidhihirika kwamba tatizo ni samansi, kamera haitakusaidia kitu, na fedha hizo zina kazi zaidi kwenye pikipiki na posho ya mpelekaji samansi, ingawa najua kwamba ombi la pikipiki halipendezi kwenye jedwali la TEHAMA.

Hata pale kamera zinapostahili, angalia upande wa pili wa waya. Mahakama nyingi huomba skrini nzuri ya ukumbini na kusahau kwamba gerezani mshtakiwa ataketi kwenye chumba kinachopitwa na watu, mbele ya kompyuta mpakato iliyoazimwa, askari akiwa nyuma ya bega lake, na kwamba hana namna ya kumnong'oneza wakili wake jambo. Ombi la chombo kimoja lazima liwe ombi la vyumba viwili na laini ya faragha kati ya mteja na wakili. Makubaliano na gereza na ofisi ya mashtaka yaandikwe kabla kifaa hakijaagizwa. Rwanda walipoanzisha mfumo wao wa pamoja mwaka 2016, waliunganisha polisi, waendesha mashtaka, mahakama na magereza katika mnyororo mmoja wa taarifa, na nadhani faida yake kubwa imo humo, katika kulifanya jalada lisilazimike kuandikwa upya kila linapovuka mlango wa taasisi.

Malalamiko ya makarani kwamba kazi imekuwa mara mbili ni ya kweli, na ni hatari kuliko yanavyosikika. Mahakama yenye rejesta na mfumo kwa wakati mmoja ina kumbukumbu mbili, na siku zitakapotofautiana hakuna atakayejua ipi ndiyo ya kweli. Karani aliyechoka ataingiza moja vizuri na nyingine kwa kubahatisha, au ataziweka kando amri za leo ili aziingize kesho, na kesho kuna nyingine. Agosti 2016 mahakama ya Kaunti ya Alameda, jimbo la California nchini Marekani, iliachana na mfumo wake wa miongo kadhaa ikahamia mpya. Kuingiza amri moja kulihitaji hatua nyingi zaidi za kubofya kuliko zamani, makarani wakazidiwa, na amri zikaanza kupanga foleni nje ya mfumo. Ofisi ya mawakili wa utetezi wa umma ya kaunti hiyo ikawasilisha maombi chungu nzima kuhusu watu waliokamatwa kwa hati ambazo hakimu alikwisha kuzifuta, na wengine waliokaa rumande kupita siku yao ya kutoka. Hakimu alikuwa ametamka amri, mtuhumiwa ameisikia, wakili ameisikia, ila kompyuta ya polisi haikuwa imeisikia.

Usidhani kwamba hilo ni la Marekani peke yake, kwa kuwa foleni ya namna hiyo inaweza kuwapo sasa hivi kwenye meza ya karani wako ikiwa na sura ya rundo la majalada yenye vikaratasi vya rangi. Nakuomba ufanye jaribio dogo. Chagua amri tano za kila siku, mathalani dhamana, kufutwa kwa hati ya kukamata, ahirisho, kupokelewa kwa kielelezo na kuondolewa kwa shauri. Mkae na karani, mpime kwa saa ya simu inachukua muda gani kuingiza kila moja, kisha mzidishe kwa idadi ya amri za siku ya Jumatatu yenye mashauri mengi. Mkipata saa tisa za kazi kwa mtu mwenye saa nane, mmekwisha kujua kwa nini kazi inalala, na hakuna semina ya kuhamasisha itakayobadilisha hesabu hiyo. Kitakachoibadilisha ni mtu wa pili, au kuacha kuandika mahali pawili.

Kuacha kuandika mahali pawili kunahitaji tarehe. Mkubaliane kwamba, kwa aina moja ya mashauri kwanza, tuseme ya madai, kila shauri litakalofunguliwa kuanzia siku fulani kumbukumbu yake halali ni ya mfumo, na rejesta ya karatasi ya aina hiyo ifungwe siku hiyo kwa mstari mwekundu, tarehe na sahihi yako chini yake. Mashauri ya jinai yafuate miezi kadhaa baadaye, mkishajifunza kwa makosa yenye gharama ndogo. Hatua hii usiichukue kwa mamlaka yako peke yako. Rejesta za mahakama zina misingi yake ya kisheria na kiutawala, hivyo pata maelekezo ya Msajili kwa maandishi kabla kalamu nyekundu haijagusa karatasi.

Suala la mtandao kukatika huja papo hapo baada ya hilo, kwa sababu mahakama isiyo na rejesta na isiyo na mtandao haina chochote. Hoja ya kwanza ni umeme na njia mbili za mtandao: betri na inveta za kuiendesha masjala kwa saa kadhaa, laini ya kawaida, na kifaa cha akiba cha mtandao wa simu kutoka kampuni tofauti na ile ya laini. Hoja ya pili, inayosahaulika, ni karatasi ya dharura. Chapisheni fomu zenye namba za mfululizo, zikae kwenye droo moja inayojulikana, na kila siku mfumo unapokwama karani aandike saa ulipokwama, apokee nyaraka kwa fomu hizo, apige mhuri wenye saa, na mtu mmoja aliyetajwa kwa jina aziingize mfumo unaporudi kabla hajaenda nyumbani.

Saa hiyo ya mhuri si urembo. Kanuni za uwasilishaji wa nyaraka kielektroniki za 2018 zilieleza kwamba waraka unaoingia kwenye mfumo kabla ya saa sita usiku huhesabiwa kuwa wa siku hiyo. Zilimpa pia aliyekwamishwa na hitilafu ya kiufundi nafasi ya kumweleza Msajili au hakimu mfawidhi na kuomba nafuu, mwisho saa tisa alasiri ya siku ya kazi inayofuata. Hakimu mfawidhi ndiye wewe. Atakapokuja mtu Jumanne saa nane mchana akidai kwamba jana usiku mfumo ulimkatalia, utahitaji kujua kama kweli ulikwama, na daftari la hitilafu la masjala yako ndilo litakalokuwa shahidi. Hakikisha pia unatumia toleo la kanuni lililo hai leo, maana eneo hili hurekebishwa mara kwa mara, na mahakama zetu zenyewe zimewahi kupishana juu ya swali kama waraka umewasilishwa pale ulipotumwa au pale ada ilipolipwa. Liandike jibu linalofuatwa kwenu na ulibandike dirishani, ili mwananchi asilijue kwa kuangushwa nalo.

Karani wako mkuu anaogopa, na usimwambie kwamba hana sababu. Mwambie ukweli, kwamba kazi ya kutafuta jalada kwenye rafu itapungua na kazi ya kuhakiki kilichoingizwa itaongezeka, na kwamba hiyo ya pili inahitaji mtu anayelijua jalada kwa harufu. Niliwahi kushuhudia masjala moja, ambayo sitaitaja, ikikabidhi kazi ya mfumo mpya kwa vijana wa mafunzo kwa vitendo kwa kuwa "wanajua kompyuta". Walijua kompyuta kweli. Hawakujua kwamba shauri la mirathi na pingamizi lake ni majalada mawili yanayopaswa kwenda pamoja, wakayasajili kama mambo mawili yasiyojuana, yakapangiwa mahakimu wawili, na ndugu wa marehemu mmoja wakapata amri mbili zinazokinzana. Mzee wa masjala aliliona kosa hilo siku ya kwanza. Hakusema, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza. Mfanye karani wako mkuu awe mjaribuji wa kila kitu kabla hakijaanza kutumika, na sahihi yake iwe sharti. Miaka minne inatosha kabisa kwake kumrithisha mtu anachokijua.

Katika masjala hiyo hiyo niliona jambo jingine ambalo nina hakika, bila kufika kwako, kwamba na ninyi mnalo. Hakimu ana shughuli nyingi, basi humpa karani nywila yake ili amwekee amri kwenye mfumo. Mheshimiwa, nywila ya hakimu ni sahihi yake na mhuri wake kwa pamoja. Kumbukumbu ya mfumo itaonyesha kwamba akaunti yako ilitoa dhamana saa nne na dakika kumi na mbili, na haitaonyesha kidole kilichobofya kilikuwa cha nani. Mahakama zenyewe zimewahi kudanganywa vibaya na imani ya aina hii. Nchini Uingereza, kati ya 1999 na 2015, zaidi ya wasimamizi 900 wa ofisi ndogo za posta walitiwa hatiani kwa wizi na hesabu za uongo, wengi wao kwa kuwa mfumo wa kompyuta uitwao Horizon ulionyesha upungufu wa fedha na sheria ikachukulia kwamba kompyuta iko sawa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Nyingi ya hukumu hizo zilifutwa kwa sheria za bunge mwaka 2024, baada ya watu kufungwa, kufilisika, na baadhi kufa kabla ya kusafishwa majina. Ukiruhusu nywila zizunguke, unatengeneza ushahidi wa namna ile ile ndani ya jengo lako.

Kuhusu mashine ya kunukuu ushahidi, nakuelewa kuliko unavyodhani. Nimekaa nyuma ya mahakimu wanaoandika kwa mkono saa tano mfululizo, na najua vidole vinavyokuwa saa nane mchana. Tangu Sheria Na. 1 ya 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, haja ya chombo kinachosikia Kiswahili imekuwa ya haki kabisa, na Mahakama ya Tanzania imekwisha kuanza safari hiyo. Lakini fahamu jinsi mashine hizi zinavyofanya kazi. Hazisikii maneno kama sisi. Hukisia, kwa kila kipande cha sauti, ni mfuatano gani wa herufi unaoelekea zaidi kuwa umetamkwa, kwa kulinganisha na sauti na maandishi yaliyotumika kuzifundisha. Pale sauti ni hafifu, kisio hulemea upande wa kilicho cha kawaida.

Sasa itazame lugha yetu. Kukana tendo kwa Kiswahili hukaa kwenye kiambishi kidogo cha mwanzo. Shahidi anasema "hakunilipa". Msemaji asiyetamka h, nao ni wengi, atasema "akunilipa", feni inazunguka juu, mvua inapiga bati, na mashine iliyozoea simulizi itaandika "akanilipa". Herufi mbili, na deni limekwisha kulipwa kwenye kumbukumbu ya mahakama. Mkalimani au karani asingekosea hapo kwa kuwa anauona uso wa shahidi. Mashine haiuoni uso huo, inakisia kwa takwimu tu, na sentensi yake inatoka safi, yenye nukta na mikato, kiasi kwamba msomaji aliyechoka haioni dosari.

Kwa hiyo ukipewa mashine hiyo, ipokee, na uifunge kwa masharti. Kipaza sauti cha kila msemaji kina thamani kuliko programu yenyewe. Kimoja katikati ya meza ni kupoteza fedha. Sauti halisi ihifadhiwe mpaka muda wa rufaa upite na rufaa iishe. Nakala ya mashine isiwe mwenendo wa shauri mpaka hakimu aisome na kuitia sahihi, na ile haki ya shahidi katika jinai ya kujulishwa kwamba anaweza kusomewa ushahidi wake itekelezwe kwa dhati, maana hapo ndipo "akanilipa" atakapopata mtu wa kumkatalia. Jaribuni kwanza kwa mashauri ya madai yasiyo na utata, mkiwa mnaandika na kwa mkono kwa wiki kadhaa, na mhesabu makosa ya ukanushi, majina na tarehe peke yake, si makosa yote kwa jumla.

Na tafadhali msichanganye mashine ya kunukuu na mashine ya kutunga. Mwaka 2023 mawakili huko New York, katika shauri la Mata dhidi ya Avianca, waliwasilisha mahakamani maamuzi ya kesi ambazo hazijawahi kuwapo, yaliyotungwa na programu ya akili bandia iitwayo ChatGPT, wakatozwa faini ya dola 5,000. Hukumu za kweli za nchi yetu ziko kwenye tovuti ya TanzLII, bure.

Majalada elfu sita nayo yanahitaji hesabu ya darasa la tano. Tuseme kila jalada lina kurasa 60; hizo ni kurasa 360,000. Kitabu cha skana kitakuambia kurasa arobaini kwa dakika, lakini kitabu hicho hakijawahi kuona jalada la mahakama lililoshonwa kwa uzi, lenye pini zilizopata kutu, stakabadhi ndogo zilizogundishwa na karatasi nyembamba ya taipu ya zamani. Mtu mmoja mwangalifu, anayefungua, kunyoosha, kuskani, kukagua, kuipa faili jina na kulishona jalada tena, tumpe kurasa 1,200 kwa siku. Hizo ni siku 300 za kazi, yaani zaidi ya mwaka mmoja wa karani mmoja kati ya sita ulio nao, na mwisho wake utakuwa na picha za majalada ambayo mengi hakuna atakayeyaomba tena. Niliwahi kufungua hazina ya namna hiyo nikakuta maelfu ya faili zenye majina kama "skani 0417". Jalada lililopotea kwenye rafu angalau unaweza kulitafuta kwa rangi ya jalada lake.

Ushauri wangu ni kuskani mashauri yaliyo hai, yaliyo kwenye rufaa, na yale ya ardhi na mirathi ambayo watu huyarudia miaka kumi baadaye. Yaliyobaki mfanyieni orodha tu: namba, majina, mwaka, aina, na rafu lilipo. Orodha nzuri huondoa kwa wiki chache sehemu kubwa ya adha inayowafanya mtamani kuskani. Kwa yatakayoskaniwa, nukta 300 kwa inchi zinatosha, muundo uwe ule wa PDF wa kuhifadhia nyaraka kwa muda mrefu, na jina la faili lianze na namba ya shauri. Karatasi halisi isiteketezwe kwa sababu imeskaniwa. Uteketezaji una utaratibu wake chini ya Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya 2002, na kielelezo halisi ni jambo jingine kabisa. Kumbuka pia kwamba jalada likishakuwa la kielektroniki linasafiri: la mtoto aliyebakwa, ambalo jana lilikuwa kwenye kabati lenye kufuli, leo linaweza kuingia kwenye kundi la WhatsApp kwa kubofya mara mbili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu, na swali la nani anaruhusiwa kufungua nini lijibiwe kabla skana haijawashwa.

Mpangilio wangu basi ungekuwa huu. Mwaka wa kwanza daftari la maahirisho, dirisha la msaada, umeme na mtandao wa akiba, nywila, na kufunga rejesta ya madai. Mwaka wa pili orodha ya majalada, kuskani yaliyo hai, rejesta ya jinai, na vyumba viwili vya kusikilizia kwa mbali endapo daftari limewaunga mkono. Mashine ya kunukuu ningeiacha mwaka wa tatu, nikijua kwamba huenda ikawafikia mapema kwa mpango wa kitaifa. Mahakama za Mwanzo zisingoje zamu yao kwenye mkia. Angalau moja, iliyo mbali zaidi na lami, iingie kwenye majaribio tangu mwanzo, kwa kuwa kitakachofanya kazi pale kitafanya kazi kote.

Yapo ambayo sitakushauri kuyafanya kwa kusoma maandishi yangu. Siku ya kuhamisha taarifa kutoka rejesta au mfumo wa zamani, mtaalamu wa TEHAMA wa Mahakama awe ndani ya chumba, si kwenye simu, na asiondoke mpaka karani wako mkuu avute kwa kubahatisha majalada hamsini na kuyalinganisha na skrini moja baada ya jingine. Ukigundua kwamba amri imebadilishwa kwenye mfumo na haijulikani na nani, usijaribu kuirekebisha. Usizime wala usifute chochote, mwite Msajili na wataalamu waje zilipo mashine. Kwa mafunzo ya mahakimu na makarani, Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto ni mahali pa kuuliza kabla ya kumlipa mshauri wa kukodi. Nami nikialikwa kufika kwenu nitakuja kwa furaha, ila nitaomba nikute daftari la kaunta lina mwezi mzima, na namba ya simu ya yule mama imekwisha kurekebishwa.